Karte grafike inaweza kungoja: kwanza tulinde umeme, kisha tubadilishe disiki

Jumamosi yenye ilipita, mimi na mudogo wangu tulikaa mbele ya ordinatere yetu moja, hapa nyumbani Katuba. Juu ya meza kulikuwa dolari 160. Tulizichunga kwa miezi sita. Nusu ilitoka kwa kazi yangu ya redio. Nusu ingine alileta yeye, kwa video za harusi zenye anapanga na kwa watoto wa avenue wenye wanakuja mangaribi kucheza mupira kwenye ekrani na kulipa kidogo.

Mudogo wangu hakuzunguka. «Yaya, tununue karte grafike. Hii mashini inakufa juu haina ile kitu.»

Nikamujibu kama kwanza tununue ondilere, ile sanduku yenye batri ndani yenye inashika umeme wakati unakatika. Akacheka. «Ondilere haichezi, yaya. Haiongeze hata imaje moja.»

Ninaandika haya juu ninajua kama mabishano hayo hayako kwetu peke yetu. Yako kwa wanafunzi wa UNILU wenye wanagawana ordinatere moja watatu, kwa wale wenye kufungua sekretaria ya kupiga maandiko na kutosha foto-kopi, kwa vijana wenye wanafungua chumba cha michezo katika parsele ya baba yao. Falanga ni kidogo, mashini ni moja, na inapashwa kufanya kazi muchana na kucheza usiku. Unaweza kununua kipande kimoja tu, ao viwili vidogo. Ukikosea, utangoja tena miezi sita. Kwa hiyo ni vizuri tuongee wazi ni kipande gani kinapita mbele.

Mawazo yangu ni haya: hapa Lubumbashi, watu wengi wanaanzia kwa mwisho. Wananunua kipande chenye jina kubwa, na wanaacha kile chenye kinawaumiza kila siku.

Kwanza tujue mashini inakwama wapi

Yetu ni ordinatere ya ofisi yenye ilifika hapa ya okaziyo, Dell OptiPlex 7010, ile ndogo ya kulala. Ndani kuna prosesere Core i5 ya kizazi cha tatu, barete moja ya RAM ya jigabaiti 4, na disiki ngumu ya zamani ya jigabaiti 500. Haina karte grafike. Imaje zinatoka ndani ya prosesere yenyewe. Mashini za namna hiyo ziko nyingi sana katika muji wetu. Zilifanya kazi katika ofisi za Ulaya ao Dubai, kisha zikapakiwa, zikafika kwetu.

Mbele ya kugusa falanga, tulifanya kitu chenye hakilipiwe. Tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Windows inafungua dirisha lenye linaonyesha kila kipande kinafanya kazi kwa asilimia ngapi. Nikafungua kazi yangu ya kila siku: programu ya kukata sauti, navigatere yenye madirisha kumi, na maandishi ya habari. Prosesere ilikuwa inapumuzika, haikufika hata 30%. RAM ilikuwa 90% na zaidi. Disiki ilikuwa 100%, na ikabakia kwa 100% wakati murefu. Mudogo wangu mwenyewe alinyamaza kidogo alipoona vile.

Ni vizuri kuelewa ile 100% ya disiki ina maana gani. Ndani ya disiki ngumu kuna sahani zenye kuzunguka na mukono mudogo wenye unakimbia huku na huku kutafuta. Inaweza kusoma kitu kirefu chenye kufuatana kwa megabaiti kama 100 ao 150 kila sekunde. Lakini kama unaiomba vitu vidogo elfu vyenye kutawanyika, kama vile Windows inafanya asubuhi, ule mukono unapoteza wakati katika safari. SSD haina kitu chenye kuzunguka. Hata ile ya bei ndogo yenye inaingia kwa waya wa SATA inaweza kusoma megabaiti 500 na zaidi kila sekunde, na kwa vile vitu vidogo vidogo tofauti ni kubwa kupita pale.

Kisha ikafika zamu yake. Tukafungua muchezo wake, GTA V, ule wenye ulitoka kwa ordinatere mwaka wa 2015. Hapa kuna jaribio lingine la bure, na nataka kila kijana alijue. Punguza ukubwa wa imaje katika mipangilio ya muchezo. Kama muchezo unaanza kukimbia muzuri, basi kile kilikuwa kinachoka ni upande wa imaje. Kama hakuna kitu kinabadilika, kinachochoka ni prosesere, na hata ununue karte ya dolari 300 hautaona faida yenye ulilipia.

Kwetu, tulipopunguza imaje, muchezo ulikimbia vizuri zaidi. Kwa hiyo mudogo wangu hakusema uongo: kwa michezo yake, karte grafike inakosekana kweli. Niliandika kwenye karatasi, juu ni haki yake. Lakini tuliona tena kitu kingine. Kila mara gari yake inaingia katika mutaa mupya, imaje inasimama sekunde mbili, tatu, kisha inaruka. Hiyo haikupona kwa kupunguza imaje. Hiyo ni disiki na RAM: muchezo unaomba vitu vipya, RAM imejaa, disiki inachelewa kuvileta. Karte grafike peke yake haingeponya ile kusimama.

Juu ya nini ninaweka umeme mbele

Mwaka wenye ulipita, siku moja ya mangaribi, umeme ulikatika katika kartie yetu. Ukarudi nyuma ya saa moja, lakini ukarudi na nguvu mingi. Taa iliwaka nyeupe kama ya soude, kisha ikazimika. Bloki ya umeme ya ordinatere iliungua. Disiki pia ilikufa pamoja nayo. Fundi alinipatia bloki ingine ya okaziyo kwa bei ya urafiki. Disiki, alitikisa kichwa tu.

Ndani ya ile disiki kulikuwa sauti za wiki tatu. Kulikuwa wamama wenye wanauzisha makala kwenye barabara ya Kasenga. Kulikuwa na muzee mumoja wa Kamalondo, mwenye alitumika kwa reli tangu ujana wake, mwenye alinielezea kwa saa moja na nusu namna gare ilikuwa. Nilikuwa nimetosha dakika nne tu kwa redio. Zingine nilizichunga, nikisema nitazirudilia. Muzee alikufa miezi miwili nyuma ya pale. Watoto wake walikuja kuniomba ile sauti ya baba yao. Niliwapatia zile dakika nne.

Sauti moja ya steryo ya kawaida inakula megabaiti kama 10 kwa dakika. Saa moja na nusu ya muzee ilikuwa chini ya jigabaiti moja. Ingeingia katika kle USB ndogo kabisa. Hilo ni kosa langu, na sitalipakiza juu ya mutu mwingine. Kopi ya pili haina bei kubwa, na ndiyo ya kwanza katika ukarabati wowote.

Lakini kwa umeme, mudogo wangu anakosea anaposema ondilere haiongeze kitu. Ondilere inaongeza maisha ya kila kipande kingine. Hapa tunaishi na delestaji. Umeme unatoka mbali, kwa maji ya Lufira na Lualaba, na kwa waya mrefu wenye unatoka Inga kule Magaribi mpaka Kolwezi. Migodi inauhitaji, muji unaendelea kukua, kabine za mitaa zimebeba nyumba kupita vile zilipangiwa. Matokeo tunayajua: unakatika bila kupiga hodi, unarudi bila kupiga hodi, na wakati mwingine volti 220 zinakuwa 160 ao zinapita 250.

Wengi wanasema: «Nina stabilizatere.» Stabilizatere ni nzuri, inasawanisha umeme unaopanda na kushuka. Lakini umeme ukikatika kabisa, stabilizatere inakatika nao. Ondilere ya VA 650, kwa mashini ndogo kama yetu, inakupatia dakika kumi hivi, wakati mwingine zaidi. Si ya kuendelea kucheza mupaka usiku. Ni ya kuchunga kazi yako na kuzima kwa heshima. Na ununue ile yenye inasawanisha volti pia, si ile yenye batri tu. Batri yake itachoka nyuma ya miaka kama mitatu. Inabadilishwa, hautupe sanduku yote.

Sasa fikiria: unaweka karte grafike ya dolari 80 katika mashini yenye haina ulinzi. Umeweka kitu cha bei zaidi mbele ya moto ule ule. Hiyo si kuongeza nguvu. Ni kuongeza hasara yenye inangoja siku yake.

Mupangaji hanunue mulango

Kuna sababu ya pili, na ni hii ilimushinda mudogo wangu. Katika muji huu wengi wetu ni wapangaji. Mupangaji mwenye akili hanunue mulango mupya wa nyumba ya wengine. Ananunua kitanda, juu siku ya kuhama kitanda kinapanda kwenye pusipusi pamoja naye.

Mashini yetu pia ni nyumba ya kupanga. Tutaihama. Microsoft iliacha musaada wa kawaida wa Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake haikubali prosesere ya kizazi cha tatu. Kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane. Kuko njia za kuzunguka, kuko Linux pia, na mimi sisemi mutu atupe mashini yenye inafanya kazi. Lakini ni wazi kama miaka yake yenye kubakia si mingi.

Basi uliza kila kipande: siku tutahama, utakuja nasi?

Ondilere itakuja. Haijali ordinatere gani imechomekwa kwake.

SSD ya SATA itakuja. Inaingia katika mashini za mezani karibu zote, za zamani na za leo, na katika laptop nyingi zenye bado ziko na nafasi ya disiki.

RAM, hapana. Yetu ni DDR3. Mashini zenye zilifuata ziko na DDR4, za leo DDR5, na barete ya moja haiingie kwa ingine, hata ukisukuma. Kwa hiyo RAM ya mashini ya zamani inunuliwe ya okaziyo, kwa bei ndogo, na kwa kipimo chenye kinatosha tu.

Prosesere, hapana. Inafungwa na karte mere yake. Kubadilisha prosesere kwa kweli ni kubadilisha karte mere na RAM pamoja, maana yake ni kununua mashini ingine. Ndiyo sababu ninaiweka mwisho.

Karte grafike inaweza kuja, lakini na masharti. Na hapa vijana wetu wengi wanauzishiwa huzuni.

Karte grafike: mambo yenye muuzaji hakuambie

Siko adui wa karte grafike. Kwa mutu mwenye anatengeneza video ao mwenye chumba cha michezo, ni chombo cha kazi kama vile cherehani kwa fundi wa nguo. Lakini mbele ya kuinunua, fungua kwanza sanduku ya mashini yako na uangalie vitu vitatu.

Cha kwanza ni nafasi. Ordinatere ndogo za ofisi zinapokea karte fupi tu, zile za nusu urefu. Nilishaona kijana akirudi kutoka mujini na karte nzuri ya ventilatere mbili, akaishikilia mbele ya sanduku, ikapita sanduku kwa urefu. Muuzaji alikataa kurudisha falanga.

Cha pili ni umeme wa ndani. Bloki ya mashini kama yetu ni ya wati 240, na haina waya wa kulisha karte kubwa. Karte yenye haina waya wake inakunywa kwenye nafasi yake ya karte mere tu, na pale kipimo ni wati 75. GT 1030 inakunywa kama wati 30. GTX 1650 inafika kama wati 75, na kuko zenye zimetengenezwa fupi. Ukipita hapo, unabadilisha bloki pia, na kwa mashini ndogo za ofisi bloki ya kawaida ya soko haiingie. Dolari zingine.

Cha tatu ni ukweli wa karte yenyewe. Kuko karte za zamani zenye zimebadilishwa programu ya ndani ili zijiite jina la karte mupya zaidi. Windows inaamini, mununuzi anaamini. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z. Omba muuzaji aiwashe mbele yako. Mwenye anakataa, amekujibu tayari.

Hata kwa SSD, tuwe macho. Kle USB na disiki zenye zinaandikwa jigabaiti nyingi, kumbe ndani ni kidogo, ziko sokoni. Zinapokea kazi yako, zinaonyesha jina la faili, kisha siku ya kufungua hakuna kitu. Programu H2testw, nayo ni ya bure, inaandika mupaka inajaza, kisha inasoma tena, uongo unaonekana. Inakula wakati, lakini fanya ile siku ya kwanza, mbele haujaweka harusi ya watu ndani.

Na wale wenye wanacheza na wenzao kwa Enternete, tusidanganyane. Muchezo ukisimama juu mtandao wa telefone unachelewa, hakuna karte grafike yenye itauamusha.

Bure mbele ya dolari

Kuna kazi moja yenye inapita mbele ya vyote, nayo haina bei. Kwetu, kuanzia mwezi wa tano mupaka wa kumi hakuna mvua, na vumbi nyekundu inaingia mupaka ndani ya sukari. Inaingia pia katika ventilatere ya prosesere. Prosesere ikipata joto sana, inajipunguza mwenyewe ili isiungue, na wewe unafikiri imezeeka. Zima mashini, tosha waya, fungua, shika ventilatere kwa kidole isizunguke, pangusa na burushi laini na hewa. Kama ni ya miaka mingi, fundi aweke pate mupya ya kupoza kati ya prosesere na chuma yake. Kwetu tulitosha vumbi ya kujaza kikombe. Kelele ya usiku ikaisha pale pale.

Tulimaliza namna gani

Tulihesabu tena zile dolari 160, na karatasi ya majaribio ikiwa kati yetu. Ondilere yenye kusawanisha volti: dolari 75. SSD ya jigabaiti 240: dolari 35. Barete ya pili ya RAM ya jigabaiti 4, ya okaziyo: dolari 10. Jumla 120. Bei hizo ni zetu, za siku ile, na nilibishana nusu saa kwa kila moja. Zako zinaweza kuwa zingine. RAM mupya za DDR4 na DDR5 zilipanda bei dunia nzima tangu mwisho wa mwaka 2025, juu viwanda vinapeleka sehemu kubwa kwa mashini za akili bandia. Kwa DDR3 ya okaziyo, fundi wa mutaa bado anaweza kukusaidia.

Ile barete ya pili ilikuwa na siri moja. Wakati imaje zinatoka ndani ya prosesere bila karte, zinatumia RAM ile ile ya mashini. Barete mbili zenye kufanana zinafungua barabara mbili badala ya moja. Kwa hiyo muchezo wa mudogo wangu uliongeza mwendo kidogo, bila karte grafike. Kidogo, si muujiza. Alikubali kwa kichwa, si kwa mudomo.

Mashini sasa inawaka mbele maji ya chai haijachemka; zamani ningekunywa chai yote. Ile kusimama ya mutaa mupya katika muchezo imepungua sana. Disiki ya zamani tuliiacha ndani, ya kuweka kopi, pamoja na kle USB yenye inalala nyumba ya dada yetu Kenya, juu kopi yenye inalala karibu na mashini inaweza kuungua na mashini.

Zilibakia dolari 40. Hizo ni za karte grafike yake. Tuliandika vile kwenye karatasi na mimi nikasaini. Harusi mbili zikilipwa vizuri, ataifikisha, na ataiweka katika mashini yenye haitaiua.

Kwa hiyo, mpango wangu kwa mutu mwenye falanga kidogo na mashini moja ya kazi na michezo ni huu: toa vumbi, weka kopi, linda umeme, badilisha disiki, ongeza RAM mupaka jigabaiti 8, kisha karte grafike yenye inaingia na yenye bloki inaweza kulisha. Prosesere mwisho, pamoja na nyumba mupya. Mwenye tayari ana SSD na jigabaiti 16, na nyumba yake ina jua na batri, huyo akimbie kwa karte grafike, sitamukataza. Lakini apime kwanza.

Na neno moja kwa wakubwa wenye kusimamia umeme wetu. Si kawaida kama kipande cha kwanza cha ordinatere katika inchi yenye kutosha shaba kiwe sanduku ya kujikinga na waya za shaba. Kama hamuwezi kutupatia umeme saa zote, tupatieni saa zenye zinajulikana na volti zenye hazirukeruke. Kabine yenye imelemewa itengenezwe mbele haijachoma vyombo vya avenue nzima. Kijana mwenye anachunga dolari 75 kwa ondilere, ni dolari 75 zenye hazikuingia katika kazi yake.

Juzi usiku umeme ulikatika tena, mudogo wangu akiwa katikati ya video ya harusi. Ondilere ikalia bip, bip. Nilimusikia kutoka chumba kingine anachunga kazi yake, anazima mashini polepole, kisha anaimba kidogo mu giza. Sikumuuliza kitu.